Bi. Constance Tipper, Mama Aliyechunguza Nyufa za Meli

Ninaandika kutoka huku Chara, kwenye delta ya mto Tana, nchi ya mpunga, maembe na mbu wasiojua huruma. Chama chetu cha Kiswahili kilinipa mwaka huu kazi ya kuandika maisha ya mtu mashuhuri ambaye ametangulia mbele ya haki. Wenzangu walikimbilia wanasiasa na washairi. Mimi nimemchagua mama mmoja Mwingereza, Bi. Constance Tipper, ambaye jina lake hutajwa sana na wahandisi lakini huku kwetu nadhani ni mimi tu ninayelitaja. Kwa nini yeye? Nitakwambia, ila itanibidi kwanza nianze na keria ya pikipiki ya kaka yangu.

Kaka yangu ni mwendesha pikipiki. Msimu wa maembe ukifika, hubeba makreti ya ngowe kutoka mashambani na kuyapeleka sokoni Garsen, na ni pesa hizo zinazonilipia karo mimi na mdogo wangu. Keria ya kiwandani haitoshi mzigo wa namna hiyo, basi alitengenezewa nyingine na fundi mmoja wa kuchomelea, kwa vyuma vya pembe, pana kama kitanda cha mtoto. Tukaisifu. Miezi minne baadaye, akiwa njiani na makreti yake, keria ilikatika upande wa kushoto bila hata kulia. Mzigo ulivuta pikipiki, pikipiki ikapinduka, na kaka akavunjika mguu chini ya goti. Alilala nyumbani wiki nane. Msimu ukapita, maembe ya watu yakaoza, na mimi nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara mbili muhula huo.

Baba alitaka fundi yule apelekwe mbele ya wazee alipe gharama. Fundi naye akaapa kwa Mungu kwamba mshono wake haukuachia. Na kweli, tulipoviokota vipande, mshono ulikuwa umesimama pale pale mzima kabisa. Kilichokatika kilikuwa chuma chenyewe, kando tu ya mshono, wembamba wa ukucha. Nilivichukua vipande vile nikampelekea mwalimu wetu wa fizikia. Akavigeuza juani akanionyesha jambo ambalo sisi sote pale nyumbani tulikuwa hatujaliona. Uso wa mvunjiko ulikuwa na rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa nyeusi ya kutu, laini kama iliyosuguliwa. Sehemu ya pili ilikuwa inang'aa. Ile ya kutu, akasema, ni ufa wa zamani uliokuwa ukitembea polepole kwa wiki nyingi, na ile inayong'aa ndiyo iliyobaki ikishikilia mzigo peke yake mpaka siku ya ajali. Kisha akanitajia jina la Constance Tipper. Hapo ndipo nilipoanza.

Alizaliwa tarehe 6 Februari 1894 huko New Barnet, kaskazini ya London, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa Constance Fligg Elam. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Mwaka 1912 aliingia Newnham, chuo cha wanawake katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akasoma sayansi na kufanya mitihani yake ya mwisho mwaka 1915. Hebu sikia vituko vya dunia: wakati ule mwanamke aliruhusiwa kuketi darasani na kufanya mtihani ule ule wa wanaume, lakini shahada yenyewe hakupewa. Cambridge haikuwakubalia wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948. Kwa hivyo binti Elam alitoka pale na elimu yote kichwani, na mikono mitupu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepamba moto. Alifanya kazi kwa muda mfupi katika maabara ya taifa ya fizikia iliyoko Teddington, kisha akaenda London kwenye chuo cha migodi, akamsaidia Profesa Harold Carpenter. Huko ndiko alikopata mapenzi ya maisha yake yote, yaani metali. Mimi zamani nilidhani chuma ni kitu kimoja tu kilichoshikana kama ugali. Sivyo. Ukikisugua kipande cha metali hadi king'ae, ukakipitisha kwenye dawa na kukitazama kwa hadubini, utaona kimejengwa kwa punje nyingi ndogo, na kila punje ni fuwele. Carpenter na Elam waligundua namna ya kuiotesha fuwele moja ya alumini mpaka ikawa kubwa ya kushikwa mkononi. Halafu pamoja na G. I. Taylor, bingwa wa hesabu wa Cambridge, akazivuta fuwele zile ili kuona zinanyooka vipi. Mwaka 1923 walionyesha kwamba tabaka za ndani huteleza moja juu ya nyingine, mfano wa karata unapozisukuma kwa kidole. Metali inayoweza kuteleza hivyo hupinda kabla ya kukatika. Ikishindwa kuteleza hukatika ghafla kama kioo. Naomba ulishike hilo, maana tutalihitaji tukifika baharini.

Mwaka 1926 Chuo Kikuu cha London kilimpa shahada ya udaktari wa sayansi. Mwaka 1928 aliolewa na George Tipper, mtaalamu wa miamba aliyekuwa amefanya kazi India, ndipo akaanza kuitwa Bi. Tipper. Mwaka uliofuata akarudi Cambridge akaendelea na utafiti wake, na mwaka 1935 kitabu chake kuhusu kupindika kwa fuwele za metali kikatoka, nacho bado alikitia jina lake la Elam. Miaka hiyo naipita haraka, si kwa kuwa ilikuwa ya bure, bali kwa sababu hadithi inayonihusu mimi iko mbele kidogo.

Kabla ya hapo niseme neno juu ya mtu mwingine. Mwaka 1920 kijana mmoja mhandisi, Alan Griffith, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kituo cha ndege cha Farnborough, alijiuliza kwa nini kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko ile ambayo hesabu inasema kingestahimili. Akajibu kwamba ni kwa sababu ya nyufa ndogo zilizomo. Nguvu inayovuta kioo hukusanyika kwenye ncha ya ufa, kama watu wanavyosongamana kwenye mlango mmoja mwembamba. Ufa ukiwa mrefu kiasi fulani, hujivuta wenyewe mbele bila kungoja kusukumwa. Akatoa na kanuni: ufa ukirefuka mara nne, nguvu inayotosha kuvunja hupungua hadi nusu. Yaani ufa wa milimita moja ukifika milimita nne, kile kilichokuwa kinabeba kilo mia sasa kitabeba hamsini. Wahenga wetu walijua habari hizi kwa njia yao waliposema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, ila wao walikuwa na kuta za udongo, ambazo ufa wake hata kipofu anaupapasa. Ufa wa chuma una hila. Unajificha chini ya rangi na kutu, na kwa muda mrefu chombo kinatembea vizuri tu.

Sasa tufike kwenye meli. Vita vya Pili vilipochacha, meli za mizigo zilizama nyingi kwa kupigwa na nyambizi za Wajerumani, na Marekani ikaamua kuunda nyingine upesi kuliko zinavyozamishwa. Meli hizo ziliitwa Liberty. Ya kwanza ilishushwa majini Septemba 1941, na mpaka mwisho wa vita zilikuwa zimeundwa 2,710. Moja wao, Robert E. Peary, iliunganishwa kwa siku nne na nusu hivi mwezi Novemba 1942! Siri ya haraka hiyo ilikuwa kuchomelea. Zamani mabamba ya meli yaliunganishwa kwa ribiti, mamia ya maelfu ya misumari mnene iliyogongwa ingali na moto. Kazi hiyo ilitaka mafundi waliokomaa na muda mwingi. Kuchomelea kulijifunzwa kwa wiki chache tu, hata na wanawake waliotoka majumbani na kwenye mashamba.

Basi usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta iitwayo Schenectady, isiyo ya aina ya Liberty lakini iliyochomelewa kama wao, ilikuwa imefungwa gatini huko Portland, Oregon. Ilikuwa imetoka tu kujaribiwa baharini. Hapakuwa na dhoruba, hapakuwa na adui, maji yalitulia tuli, ila baridi ilikuwa kali. Ghafla ukasikika mlio kama wa mzinga, na meli ikavunjika katikati, pua na tezi zikainama chini, katikati ikainuka juu. Jamani, meli imefungwa kamba! Mwezi Novemba mwaka uo huo Liberty moja, John P. Gaines, ilikatika vipande viwili baharini karibu na Alaska na watu kumi wakapoteza maisha. Meli nyingine nyingi zilirudi bandarini na nyufa sitahani.

Watu wote walimnyooshea kidole fundi wa kuchomelea, sawasawa na baba yangu alivyofanya. Uingereza, iliyokuwa ikizitumia meli hizo kuvuka Atlantiki ya kaskazini, iliunda kamati ya kuchunguza, na mwaka 1943 Bi. Tipper akaitwa awe mtaalamu wake. Alikuwa na miaka 49. Wanaume wengi wa idara ya uhandisi ya Cambridge walikuwa wameitwa vitani, naye alikuwa akifundisha zamu zao pamoja na kazi zake.

Alichofanya ni kuomba aletewe mabamba yenyewe yaliyokatika. Akayatazama nyuso kwa hadubini, kama mwalimu wetu alivyokitazama kile kipande cha keria. Kisha akayajaribu. Akakata vipande vya bamba kwa unene wake wote, akavitia chale yenye ncha kali pande mbili, ili kuwe na mwanzo wa ufa, akavivuta kwenye mashine huku akibadilisha joto, mara vuguvugu, mara baridi ya barafu. Chuma kile kile, cha bamba lile lile, kikiwa na joto kilinyooka kwanza na uso wake wa mvunjiko ulitoka wa kijivu, wenye nyuzinyuzi. Kikiwa baridi kilikatika pu, uso ukimetameta kama sukari. Kati ya hali hizo mbili kulikuwa na kiwango cha joto ambacho chuma kikishuka chini yake hubadilika tabia, na kila chuma kina kiwango chake. Chuma cha meli zile kiwango chake kilikuwa juu mno kwa bahari za baridi. Jaribio hilo likaja kuitwa kwa jina lake, jaribio la Tipper, na wahandisi wa vyuma wakalitumia duniani.

Kwa hiyo mshono haukuwa mkosaji peke yake, na wala haukuwa bila hatia. Nilikaa na jambo hili siku nyingi mpaka likaniingia, na nitalieleza kama nilivyolielewa. Mambo matatu yalikutana. La kwanza ni chuma chenyewe kisichoweza kuuzuia ufa kikipata baridi. La pili ni mahali pa kuanzia: midomo ya falka ilikatwa kwa pembe za mraba, na kila pembe kali hukusanya nguvu, tena mara nyingi pembe hiyo ilikutana na mshono wenye kasoro. La tatu ni njia ya kupita. Katika meli ya ribiti ufa ukifika ukingoni mwa bamba lake husimama, hauna pa kwenda. Meli iliyochomelewa ni kama bamba moja kubwa kutoka pua hadi tezi, na ufa ukishaanza hupita kutoka bamba hadi bamba kama moto kwenye makuti. Dawa yake ikatoka hapo hapo. Pembe za milango zikaviringwa, mikanda ya ribiti ikatiwa sitahani ili kuukatiza ufa njia, na baada ya vita viwanda vikatakiwa kutoa chuma bora zaidi kwa meli.

Hapa najua kuna msomaji atakayeniuliza, sasa wewe wa Chara una habari gani na baridi ya Alaska? Swali zuri. Keria ya kaka haikukatika kwa baridi. Siku ile jua lilikuwa la kupasua mawe. Yetu ilikuwa ni uchovu wa chuma. Kila shimo la barabara liliivuta na kuiachia, kuivuta na kuiachia, na kila mara ufa ukasogea unywele mmoja. Lakini mwisho ni ule ule. Ufa ukifikia urefu ambao chuma hakiwezi tena kuustahimili, hukimbia wenyewe. Na mahali ulipoanzia ni pale pale ambapo nyufa nyingi za vyuma vilivyochomelewa huanzia, ukingoni mwa mshono. Pale pana kona ndogo inayokusanya nguvu, kama ile ya falka. Chuma cha kando kimepigwa na moto mkali halafu kikapoa upesi, punje zake zimebadilika, na aina fulani za chuma huwa ngumu hapo na rahisi kupasuka. Tena mshono ukipoa hujikunja na kuvuta kila kilicho karibu nao, kwa hiyo chuma kiko kwenye mvutano kabla hata hujakipakia embe moja.

Kuna na unyevu. Ganda linalofunika vijiti vya kuchomelea hunyonya maji ya hewani, na huku deltani hewa yenyewe ni maji nusu. Kijiti kilicholowa kikiwaka, maji hugeuka haidrojeni na kuingia ndani ya chuma, na katika chuma kigumu ufa unaweza kutokea saa kadhaa baada ya fundi kukunja vyombo vyake na kwenda zake. Nilimwuliza fundi wetu, kwa adabu zote, vijiti vyake huviweka wapi. Akanionyesha pakiti iliyofunguliwa juu ya dirisha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza huyo mama wa Uingereza alisema viwekwe wapi. Nikamwambia pakavu, na vikilowa vikaushwe kwa moto kama maagizo ya pakiti yanavyosema.

Turudi kwa Bi. Tipper. Mume wake alifariki mwaka 1947. Mwaka 1949 Cambridge ilimpandisha cheo akawa mhadhiri mwandamizi wa uhandisi, mwanamke wa kwanza kuwa na kazi ya kudumu katika idara ile, baada ya kuitumikia miaka ishirini. Hodi ndefu kweli kweli! Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutazama nyuso za metali iliyovunjika kwa hadubini ya elektroni iliyoundwa katika idara hiyo hiyo. Miaka hiyo ya 1950 elimu ya nyufa ilipanuka sana. Huko Marekani George Irwin aliiendeleza kanuni ya Griffith ifae kwa metali, na tangu hapo kila chuma kikapimwa si nguvu zake tu, bali pia kinaweza kuvumilia ufa mrefu kiasi gani.

Hata Afrika Mashariki ilipitiwa na mkasa wa namna hiyo. Mei 1952 ndege ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria kwa ratiba, Comet, iliruka kutoka London kwenda Johannesburg na ikatua Entebbe, Uganda. Ndege iyo hiyo, yenye namba G-ALYP, ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na watu wote 35 waliokuwamo wakafa. Haikuwa kazi ya kuchomelea, wala si Bi. Tipper aliyeichunguza. Ulikuwa uchovu, na nyufa zilizoanzia kwenye pembe za matundu ya madirisha. Pembe tena.

Bi. Tipper alistaafu mwaka 1960, na mwaka 1962 akatoa kitabu cha kueleza habari yote ya mivunjiko ya ghafla. Alihamia karibu na Penrith, kaskazini mwa Uingereza, na hata huko viwanda vya meli viliendelea kumwomba ushauri. Alipotimiza miaka 100, mwaka 1994, Newnham walipanda mti wa chestinati kwa heshima yake. Alifariki tarehe 14 Desemba 1995, akiwa na miaka 101.

Nyumbani kwetu kesi haikufika kwa wazee. Baba alikubali nusu ya gharama, na fundi akatengeneza keria mpya bure. Safari hii pembe zimepindwa, hazikukatwa, na penye uzito ametia bamba la kusaidia, kingo za mshono akazisugua kwa tupa mpaka zikalainika. Mimi nimepewa kazi ya ukaguzi. Kila Jumamosi naisafisha keria, napaka mafuta ya taa kwenye viungo, nangoja kidogo, nafuta kwa kitambaa kikavu, kisha nasugua unga wa chaki. Penye ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Wiki kumi na moja hakukuwa na kitu, na kaka alishaanza kunicheka. Jumamosi iliyopita, kiungo cha nyuma upande wa kushoto, ulitokea mstari wa urefu wa punje ya mchele. Kaka aliutazama, akaufuta, tukarudia, ukatokea tena. Makreti sita yalikuwa yamepangwa tayari mlangoni. Akachukua spana akaifungua keria, na mama akaenda kuwaambia wenye maembe watafute pikipiki nyingine.